Tiketi ya Wenyeji

Tulikuwa tukitia dola katika kopo la Milo
tangu mvua za Februari,
mimi na Vilimaina wa mashine ya pasi,
sarafu juu ya sarafu, hata kopo likaacha kulia.
Visiwa vitatu, siku moja, bei ya wenyeji:
onyesha kitambulisho, upunguziwe nusu.
Chakula hakimo. Kiti cha kulalia hakimo.
Kivuli, mtu aliongeza kwa kalamu chini ya tangazo,
muulize jua.

Kumekucha tuko gatini Denarau
na chapati ndani ya mfuko wa sabuni ya kazini,
ndio pekee usiotoboka,
mchuzi wa boga umefungwa mara tatu
usije ukatusengenya kwa harufu.
Vilimaina kavaa sulu ya kanisani.
Mbona hiyo?
"Mungu naye hajawahi kwenda huko. Tunakwenda pamoja."

Miaka kumi na mmoja nimevifua visiwa hivi.
Navijua kwa madoa:
hiki ni divai na mafuta ya nazi,
kile ni rangi ya mdomo, na embe la watoto.
Mchanga wao nauzoa chini ya mapipa,
mweupe, laini, mziba mabomba,
lakini mchanga uliolala kwao
sikuwahi kuuona.

Kisiwa cha kwanza.
Kijana mwenye ua sikioni anapiga gitaa,
"Bula! Bula!" meno yote nje,
kisha anatutazama vizuri, anashusha gitaa:
"Lo. Shangazi."
Ni Apenisa, mtoto wa kaka yake Vilimaina.
"Maliza wimbo," anamwambia. "Tumelipa."
Akaumaliza, kichwa chini, beti zote nne.

Tulikaa kwenye gogo; viti vina namba za vyumba.
Tukala nyuma ya nyumba ya jenereta
kwa siri, kama waliofunga.
Paka akatujua. Tukamhonga.

Cha pili ndipo nilipoliona.
Chini ya mzee mwekundu kama kamba wa kuchemshwa,
taulo lenye pindo la uzi wa buluu.
Uzi wangu. Mweupe uliniishia Agosti,
nikapitisha buluu nikijiambia
nani hutazama pindo?
Nikasimama tu. Mzee akavua miwani:
alikuwa mpole, akauliza kama nimepotea.
Ningemjibu nini?
Kwamba anacholalia nimekikamua mara mia,
na hata sasa mikono yangu yajua uzito wake kikilowa?
Nikasema, "Taulo zuri."
"La hoteli," akajibu upesi,
kama mtu aliyeshikwa nalo.

Cha tatu si kisiwa, ni fungu,
fungu la mchanga lisilo hata mti,
na dakika ishirini ndizo fungu letu.
Nahodha Rajneel anaitazama saa, anayatazama maji.
"Yanapanda, mama zangu."
Vilimaina hakujibu. Aliingia na sulu yake,
magoti, kiuno, kifua,
akasimama huko, mgongo kwetu,
muda mrefu kuliko wa kuoga.
Sikumwita.
Hapa hapakuwa na namba ya chumba
wala mtu wa kutuambia bula.

Aliporudi anatetemeka
nikafungua mfuko: chapati moja, foili, kitambulisho.
Mimi mfua mia nne kwa zamu
nimesahau taulo.
Tulicheka hadi Rajneel akazima injini
atuulize kuna nini.
Hatukuweza kumweleza. Upepo ukamkausha,
chumvi ikabaki kwenye sulu, ramani nyeupe
ambayo, nasikia, hajaifua.

Jumatatu mapipa yakaja kama kawaida.
Msimamizi kaleta uzi mweupe, bunda zima.
Nimeuweka kabatini, nyuma ya vifungo.
Nashona kwa buluu.